Mkubwa akirudi masomo, deni la nyumba litalipwa na nani?

Kila mwaka vyuo vikuu na enstiti za juu za Lubumbashi zinapofungua milango, kati ya vijana wanaotoka sekondari unakuta pia watu wenye mvi. Kuna mwalimu wa D6 ambaye amefundisha miaka kumi na tano. Kuna muuguzi wa A2, wale tunaowaita anfirmie, anayetaka kupata A1. Kuna mtu wa hesabu katika kampuni ya mgodi, mwenye G3 ya zamani, ambaye vijana wanampita kila siku kwa diploma. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu viliingia katika mfumo wa LMD, na ile hesabu ya zamani, gradua miaka mitatu na lisansi miaka miwili, ikaanza kuachwa. Basi wengi wamejiuliza: diploma yangu itasimama wapi kesho?

Watu hawa tunawapongeza, na pengine tunawacheka kidogo: « Weye uko na batoto bane, na unarudia tena ku masomo? » Lakini swali lenye uzito karibu hakuna anayeliuliza kwa sauti. Kama huyu baba au huyu mama alikopa banki ili apate nyumba, na sasa anaacha kazi juu ya masomo ya mchana kutwa, mwezi ule mshahara utakapokatika, nyumba italipwa na nani?

Maoni yangu nayasema mapema. Mtu mkubwa mwenye deni la nyumba anaweza kurudi masomo bila kupoteza nyumba. Lakini mlango wa kwanza wa kupiga si ule wa chuo. Ni ule wa banki, na aupige angali na karatasi ya mshahara mkononi. Kwetu tunafanya kinyume: tunalipa minervali kwanza, tunaandikia mkubwa wa kazi barua, tunafanya sikukuu ndogo na jamaa, halafu banki inakuja kupata habari kwa njia ya akaunti tupu. Siku hiyo hatuzungumzi tena kama mteja na banki yake. Tunazungumza kama mwenye kosa mbele ya anayedai.

Deni lenye miguu miwili

Kredi ya nyumba kwetu inasimama kwa miguu miwili. Mguu wa kwanza ni mshahara. Unapita katika banki ileile iliyokopesha, na banki inajikatia sehemu yake mbele mwenyewe hajaona kitu. Tangu Leta ilipoanza kulipa watumishi wake kupitia banki, miaka ya 2011 na 2012, njia hii imezoeleka hata kwa walimu na wauguzi.

Mguu wa pili ni nyumba yenyewe, iliyowekwa rehani. Rehani hiyo, ipoteki kwa lugha ya ofisi, inaandikwa kwa konservateri wa vyeti vya ardhi, juu ya setifika ya parseli, kufuatana na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Anayekaa katika parseli kwa karatasi ya mtaa tu, bila setifika, banki kwa kawaida haimfungulii mlango huo.

Siku unaacha kazi juu ya masomo, mguu wa kwanza unakatika. Banki inabaki na mguu mmoja, na mguu huo ndio paa lililo juu ya vichwa vya watoto wako. Ndiyo sababu nasema kwamba kuandikisha jina chuoni na kuacha kazi, kwa mtu mwenye deni la nyumba, si shauri la mwanafunzi peke yake. Ni shauri la nyumba nzima.

Wengine wanategemea bima. Wanasema: « Tulilipa asiransi siku ya kutia sahihi, itasaidia. » Warudi wasome karatasi yao vizuri. Bima inayokwenda pamoja na kredi kwa kawaida inalipa kama mkopaji anakufa, na mara nyingine kama anapata kilema cha kudumu. Mtu aliyechagua mwenyewe kwenda kukaa kwenye kiti cha chuo hayumo.

Tufanye hesabu

Maneno matupu hayashikiki, basi tuchukue mfano. Tuseme mtu alikopa dola 20,000 kwa miaka 8, kwa faida ya 15 kwa mia kila mwaka. Banki na banki zina bei yake, msomaji ataweka hesabu za mkataba wake mwenyewe mahali pa hizi. Katika mfano wetu, huyu mtu analipa karibu dola 359 kila mwezi.

Amelipa miaka 3 bila kukosa hata mwezi mmoja. Ametoa karibu dola 12,900. Wengi watafikiri kwamba amebakiza dola 7,000 hivi. Hapana. Amebakiza karibu dola 15,100, kwa sababu mwanzoni mwa kredi faida ndiyo inakula sehemu kubwa ya kila malipo. Jambo hili la kwanza, kila anayetaka kurudi masomo alijue: asihesabu alichotoa, aulize banki kilichobaki, na apewe kwa maandishi.

Sasa huyu mtu anaingia masomo ya miaka 2. Ana njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ni kunyamaza na kuacha kulipa. Faida inapandana juu ya faida. Nyuma ya miezi 24 deni linafika karibu dola 20,300. Yaani amerudi pale alipoanzia, na kupapita. Jasho la miaka 3 limefutika, na bado hatujaweka amande za kuchelewa wala gharama za wakili. Hata kama banki ingekubali kumsamehe na kumpa tena miaka 5 ya kulipa, malipo ya kila mwezi yangekuwa karibu dola 484 mahali pa 359.

Njia ya pili ni kupatana na banki mbele ya kuacha kazi, kwamba katika miezi 24 ya masomo atalipa faida peke yake. Katika mfano wetu ni karibu dola 189 kwa mwezi. Deni halipungui, lakini halikui. Akimaliza masomo anaendelea na dola 359 zake kwa miezi 60 iliyobaki. Gharama ya ruhusa hiyo, ukijumlisha, ni dola 4,500 hivi.

Njia ya tatu ni kurefusha deni. Zile dola 15,100 anazigawanya upya kwa miaka 8 mahali pa 5, na malipo yanashuka hadi karibu dola 271 kwa mwezi. Mwishoni atakuwa ametoa zaidi kwa dola 4,450 hivi. Gharama ya njia ya pili na ya tatu ni karibu sawa. Tofauti ni wakati: njia ya pili inakupa pumzi kubwa wakati wa masomo, njia ya tatu inakupa pumzi ndogo lakini inaendelea nyuma ya masomo. Mwenye hakika kwamba diploma itapandisha mshahara wake achukue ya pili. Asiye na hakika hiyo afikirie ya tatu.

Angalieni lakini jambo moja. Njia ya pili na ya tatu zote mbili zinahitaji sahihi ya banki. Na banki inatia sahihi kwa mtu ambaye bado ana mshahara, ambaye hajakosa mwezi, ambaye anakuja na barua ya chuo, barua ya mkubwa wa kazi na mpango wa feza. Mtu huyohuyo akija miezi sita nyuma ya kuacha kazi, akiwa na malipo matano yaliyokosekana, atakuta dirisha lingine na sura nyingine.

Najua jibu la watu: « Banki haina ndugu. Ukienda kubaambia, batakamata nyumba mbio-mbio. » Woga huu ninauelewa, lakini sheria haiko hivyo. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na kufuatana na sheria hizo banki haiwezi kuamka asubuhi moja na kufunga mlango wa nyumba unamokaa. Lazima ipite mahakamani, ifuate hatua moja moja, na uuzaji ufanyike mbele ya watu. Tena sheria hiyohiyo ya OHADA juu ya kulipisha madeni inaruhusu mahakama, ikiangalia hali ya mwenye deni na mahitaji ya anayedai, kusogeza malipo au kuyagawanya kwa muda usiopita mwaka mmoja. Kwa hiyo banki yenyewe inajua kwamba njia ya mahakama ni ndefu na ya gharama. Kupata faida yake kila mwezi kwa amani ni bora kwake kuliko kupata nyumba nyuma ya kesi ya miaka. Hapo ndipo nguvu yako ya kuzungumza inapotoka.

Nyumba nayo ifanye kazi

Sasa hizo dola 189 zitatoka wapi, kama mshahara umekatika? Hapa wengi wanajibu: « Tutaona tu, Mungu njo anayua. » Mungu anajua, ndiyo, lakini banki inaangalia tarehe.

Jibu la kwanza ni nyumba yenyewe. Lubumbashi tunaijua desturi hii. Wakati Gécamines ilipoondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, mwaka 2003, familia nyingi za mji huu zilibaki na parseli tu mkononi. Walipangisha vyumba, walifungua kiduka mbele ya nyumba, walilima nyuma ya ukuta. Nyumba iliwalisha. Kwa nini mwanafunzi mkubwa aone haya kufanya vile kwa mpango, ikiwa wengine walifanya kwa kulazimishwa?

Kuna aneksi nyuma ya nyumba kubwa? Hamia katika aneksi miaka miwili, pangisha nyumba kubwa. Watoto watabanana, ndiyo. Watalalamika mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu watazoea. Lakini fanya mambo mawili. Soma mkataba wa kredi uone kama lazima banki ikubali mbele ya kupangisha. Pili, usile garanti ya mpangaji. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za kukaa inasema garanti isipite miezi 3, na feza hiyo ni ya mpangaji, utamrudishia siku ya kutoka. Nimeona watu wakilipia minervali kwa garanti; siku mpangaji anahama, wanakimbilia deni lingine.

Jibu la pili ni akiba ya mbele. Nasema wazi: asiyeweza kuweka pembeni malipo ya miezi 6 mbele ya kuacha kazi, hajafika bado wakati wa masomo ya mchana kutwa. Asubiri mwaka mmoja. Ajaribu wakati huo kuishi kana kwamba mshahara umekwisha pungua: kila mwezi aweke pembeni ile feza atakayokosa. Akishindwa mwezi wa tatu, amejifunza jambo kubwa bila kulipa minervali. Likelemba ya kazini au AVEC ya mtaani inaweza kumsaidia kuweka akiba hiyo, maana kuweka pamoja na wengine kuna haya yake, na haya hiyo inasaidia. Lakini asitegemee kulipa banki kwa zamu ya likelemba: zamu inakuja mara moja, banki inakuja kila mwezi.

Na kuna mlango ambao lazima ubaki umefungwa. Ni ule wa wakopeshaji wa mtaa ambao watu wanawaita Banki Lambert. Pale unakopa 100, na mwisho wa mwezi unadaiwa 130, pengine hata 150. Mtu anayelipia deni la 15 kwa mia kwa mwaka kwa kukopa deni la 30 kwa mia kwa mwezi, anazima moto kwa petroli. Na mara nyingi anayekopesha anataka karatasi ya parseli awe nayo nyumbani kwake. Kama karatasi yenyewe iko banki, anataka nyingine ya baba au ya kaka. Hivyo deni la mtu mmoja linaingia katika nyumba ya ukoo.

Dola, franga na mwaka unaovutika

Mambo mawili ya Kongo yanaharibu mipango mizuri, na washauri wa ugenini hawayajui.

Jambo la kwanza ni feza mbili. Kredi ya nyumba mara nyingi iko kwa dola, na mapato ya wengi wetu yako kwa franga. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franga 930. Katikati ya 2024 ilikuwa karibu franga 2,800. Zile dola 359 za mfano wetu zilitoka franga 334,000 hivi na kupita franga 1,000,000. Deni halikuongezeka hata dola moja, lakini kwa anayepata franga liliongezeka mara tatu. Ni kweli mara nyingine franga inapanda, lakini mwanafunzi asijenge mpango juu ya bahati hiyo. Kodi ya nyumba, akiba, na hata msaada wa ndugu, aviweke kwa dola kama deni liko kwa dola.

Jambo la pili ni kalenda ya vyuo. Tunajua sisi wote maana ya mwaka unaovutika kama mpira. Maprofesa wanasimamisha kazi, mitihani inasogezwa, matokeo yanachelewa, na mwaka wa miezi kumi unakuwa wa miezi kumi na tano. Mwenye miaka ishirini anayekaa kwa wazazi wake anapoteza wakati. Mwenye deni la nyumba anapoteza wakati na feza. Kwa hiyo, masomo ya miaka 2 yahesabiwe kama miaka 3. Ukiomba banki ruhusa ya miezi 24, omba iandikwe pia kwamba inaweza kuongezwa kama chuo kinatoa barua kuthibitisha kuchelewa. Ni mistari miwili tu katika mkataba, lakini inaweza kuokoa nyumba.

Tusisahau pia kwamba minervali ni mlango tu. Nyuma yake kuna silabusi, kuna feza za kujiandikisha kwa mitihani, kuna staji, kuna kazi ya mwisho wa masomo na kuitetea, kuna usafiri wa kila siku. Uliza wanafunzi wa mwaka wa juu, si ofisi, ujue gharama yote.

Mke, mume na sahihi

Jambo hili la familia tunalificha mara nyingi. Mume anaamua kurudi masomo, mke anasikia kwa jirani. Au mke, mwenye kazi nzuri kuliko mume, anaficha barua ya chuo kwa sababu anaogopa makelele.

Sheria ya familia ya 1987 ilitaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo ya mkataba. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yalibadilisha jambo hilo: sasa mume na mke wapatane wote wawili kwa mikataba inayowafunga. Kwa hiyo, ukienda banki kubadilisha kredi ya nyumba ya familia, jiandae kwenda na mwenzako. Lakini hata bila sheria, hesabu peke yake inatosha. Mmoja akiacha kazi, mwingine ndiye atakayebeba mfuko wa nyumba: unga, shule ya watoto, maji, dawa. Mama anayeuza sokoni atageuka kuwa mshahara wa nyumba nzima, na wakati huohuo anayesoma atataka nyumba inyamaze saa za mangaribi ili arudilie masomo yake. Asiyeulizwa mwanzoni hatakuwa na uvumilivu mwishoni. Nimejua ndoa zilizolegea mwaka wa pili wa masomo, si kwa sababu ya umaskini, bali kwa sababu mmoja alifanya mpango na mwingine akapewa mzigo.

Wakae mezani wote wawili, karatasi na kalamu. Waandike: nani atalipa nini, mpaka lini, na nini kitauzwa kwanza mambo yakiharibika. Gari iuzwe mbele ya nyumba. Televisheni iuzwe mbele ya gari. Na kama masomo yanakwama, ni mwezi gani mtu anarudi kutafuta kazi. Kuandika siku ya kusimama si kukosa imani. Ni kulinda watoto.

Watakaosema hapana

Wengine watasema: mambo haya ni ya wachache. Wakongomani wengi hawana kredi ya banki kwa nyumba, wanajenga kwa matofali ya kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka kesho ukuta. Ni kweli. Lakini anayejenga hivyo naye mara nyingi anadaiwa: kwa COOPEC, kwa AVEC, kwa muuza saruji. Somo ni lilelile: anayekudai ajue habari kwa mdomo wako, si kwa kukosekana kwako.

Wengine watasema: asiache kazi, achukue masomo ya mangaribi. Nakubali, pale yanapopatikana. Kwa somo la biashara au la sheria, vakasi ya mangaribi inaweza kutosha, na mwenye deni la nyumba aiangalie kwanza. Lakini muuguzi mwenye staji hospitalini tangu asubuhi, au anayesoma mambo ya maabara, hawezi kufanya kila kitu usiku. Na mwalimu anayefundisha mchana, akasoma mangaribi, akasahihisha makaratasi usiku wa manane, baada ya mwaka mmoja darasa lake linalipa gharama ya diploma yake.

Wengine tena watasema: basi aache masomo, nyumba kwanza. Hapo ndipo sikubali. Nchi inaomba wauguzi wa A1 na A0, inaomba walimu wenye diploma, inaomba mafundi wa migodi wanaoweza kusoma mashine mpya. Wanatoka wapi, kama kila mwenye miaka arobaini na deni amekatazwa kujifunza? Vijana peke yao hawatatosha, na vijana wenyewe wanahitaji wakubwa waliosoma.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho si kwa mwanafunzi peke yake. Banki za mji huu zinajua kuuza kredi. Zijue pia kuandika kipengele cha masomo katika mkataba tangu siku ya kwanza: mteja aliyelipa miaka 3 bila kukosa, mwenye barua ya chuo kinachotambuliwa na Leta, aruhusiwe kulipa faida peke yake kwa muda wa masomo. Katika mfano wetu, banki haipotezi hata dola moja. Inapata faida yake kila mwezi, na inarudishiwa mteja mwenye mshahara mzuri zaidi. Wakubwa wa kazi nao, mahali pa kumpokea mtu barua ya kuacha kazi na kumsahau, wapatane naye kusimamisha mkataba kwa maandishi, ili banki ione kwamba kuna mahali pa kurudi. Karatasi hiyo moja ina thamani kubwa mbele ya ofisa wa kredi kuliko ahadi kumi za mdomo. Na mtumishi wa Leta anayeomba disponibilite aulize wazi, mbele ya kutia sahihi, tangu mwezi gani mshahara utasimama na ni kwa njia gani atarudishwa kazini.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa baba au mama anayejiandaa kurudi masomo mwaka huu, naongeza kwamba mbele ya kulipa kuna kusema. Mwezi huu, mshahara ungali unaingia, nenda ukaulize banki maswali matatu: nimebakiza kiasi gani, faida peke yake ni kiasi gani kwa mwezi, na mnaweza kunipa miezi mingapi. Omba majibu kwa maandishi. Nyuma ya hapo ndipo uende kuuliza bei ya minervali.